Kabla ya Kununua Sensa, Pima Volti 5

Gari linapanda Kitonga likitokea Ruaha Mbuyuni, limejaa abiria na mizigo. Katikati ya kona linaishiwa nguvu. Taa ya cheki injini imewaka, dereva anakanyaga mafuta mpaka mwisho na injini haiitiki. Anaegesha pembeni, anazima, anangoja kidogo, anawasha tena. Gari linaondoka na kufika Ilula bila shida. Kesho yake pale Ipogolo mashine ya kupimia inachomekwa, inatoa namba nne za hitilafu: sensa ya mgandamizo wa hewa, sensa ya throto, sensa ya pedali ya mafuta na sensa ya presha ya gesi ya AC. Mwenye gari anaandikiwa sensa nne akanunue.

Hapo ndipo fedha za watu zinapoteketea, na jambo hili linaniuma kwa sababu linazuilika kwa multimita moja na muda kidogo wa utulivu. Sensa nne hazifi kwa mpigo mmoja kwenye kona moja. Zikilalamika pamoja, tafuta kwanza kile zinachochangia. Nacho ni nyaya mbili: waya wa umeme wa volti 5 unaotoka kwenye kompyuta ya injini, ile ambayo mafundi wengi huiita kontroli boksi, na waya wa ethi unaorudi humohumo. Waya wa tatu ni wa taarifa, na huo kila sensa ina wake.

Betri haina umeme uliotulia. Ukipiga starta unaweza kushuka hadi volti 9 au 10. Altaneta ikichaji unapanda mpaka 14 na ushei. Sensa ikilishwa umeme wa namna hiyo, taarifa yake itapanda na kushuka pamoja na betri badala ya kufuata hewa au pedali. Kwa hiyo kompyuta hupokea umeme wa betri, huupunguza na kuutuliza uwe volti 5, kisha huugawa kwa sensa. Kwenye michoro ya Toyota laini hiyo huandikwa VC, na ethi yake E2. Sensa ya throto ikipewa volti 5 hurudisha sehemu yake tu: chache mguu ukiwa juu, nyingi mguu ukikanyaga. Kompyuta inaelewa taarifa hiyo kwa sababu inaamini kwamba zile 5 ilizotoa zimefika zikiwa 5.

Laini moja hulisha sensa kadhaa, kama bomba moja linalopeleka maji kwenye nyumba nne: likipasuka kwa jirani, kwako nako hakutoki tone. Magari yenye throto ya umeme mara nyingi huwa na laini mbili au tatu za aina hiyo, kila moja na kundi lake. Ndiyo maana mchoro wa nyaya wa gari husika una thamani kuliko sensa yoyote iliyopo dukani. Kama huna mchoro, andika kwenye karatasi rangi ya waya wa umeme wa kila sensa. Mara nyingi, ingawa si mara zote, nyaya za laini moja huwa na rangi moja.

Si kila sensa inakula laini hiyo. Sensa za joto, ya maji na ya hewa, zina nyaya mbili tu: mmoja wa taarifa, ambao kompyuta huupa volti 5 kupitia rezista iliyo ndani yake, na wa pili ni ethi ya E2. Sensa ya krenki yenye nyaya mbili huzalisha umeme wake kwa sumaku. Sensa ya kupima wingi wa hewa inayoingia, kwenye Toyota nyingi, inalishwa volti 12. Zishike tofauti hizi vizuri, maana zitakuonyesha njia kabla hujafungua hata bolti moja.

Zisome namba kabla ya kuzifuta

Kosa linalochelewesha kazi kuliko yote ni kufuta namba za hitilafu kwanza "ili tuone kama zitarudi". Zimekuja na ushahidi. Ziandike zote, pamoja na usomaji wa injini uliohifadhiwa wakati hitilafu inatokea kama mashine yako inauonyesha.

Kisha angalia zimekaaje. Zipo namba zinazotaja laini yenyewe: P0641, P0642 na P0643 kwa laini ya kwanza, P0651 hadi P0653 kwa ya pili, P0697 hadi P0699 kwa ya tatu. Katika kila kundi, ya kati inasema umeme uko chini, ya mwisho inasema uko juu. Nissan ni tofauti kidogo: kwenye modeli zake nyingi P0643 hutolewa umeme ukiwa chini au ukiwa juu, kwa hiyo usiitafsiri kwa haraka ukiiona kwenye X-Trail.

Mara nyingine kompyuta haitaji laini, inataja sensa tu. Hapo soma maneno "chini" na "juu". Ukikuta P0107 ya mgandamizo wa hewa na P0122 ya throto, zote zikisema taarifa iko chini, na papo hapo sensa za joto zinasoma sawasawa, umeme wa VC haufiki. Ukikuta kinyume chake, P0108 na P0123 zikisema taarifa iko juu, na mashine inaonyesha joto la maji na la hewa kuwa nyuzi 40 chini ya sifuri, umepoteza ethi ya E2. Hata usiku wa Julai kule Kitulo, ambako baridi hugandisha umande, hakuna injini itakayofika nyuzi hasi 40. Namba hiyo ni kompyuta inayosema kwamba waya wa sensa ya joto hauna njia ya kurudi. Kipimo hiki kimoja, kinachofanywa ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva, kinakwambia ni waya upi kati ya zile mbili wa kuufuata.

Mashine ndogo za bei nafuu zinazoungana na simu zinatosha kwa magari mengi, lakini baadhi ya Toyota zilizotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 hukataa kuongea nazo. Usikimbilie kusema kompyuta imekufa. Kwenye nyingi za hizo, ukiunganisha tundu la 4 na la 13 la soketi ya kupimia kwa kipande cha waya, kisha ukafungua swichi bila kuwasha injini, taa ya cheki injini itapepesa namba za tarakimu mbili: 31 kwa sensa ya mgandamizo au ya wingi wa hewa, 41 kwa throto. Hesabu matundu mara mbili, kwa sababu tundu la 16 lina umeme wa betri moja kwa moja.

Kuna dalili moja ya Toyota ambayo kila fundi umeme wa magari angepaswa kuijua. Fungua swichi bila kupiga starta. Taa ya cheki injini lazima iwake. Isipowaka, mashine ya kupimia isipopata mawasiliano na injini isipowaka, wengi wanahukumu kontroli boksi palepale. Ngoja kwanza. Kwenye Toyota nyingi, zile volti 5 zinazolisha sensa ndizo zinazolisha pia ubongo wa kompyuta. Waya wa VC ukigusa bodi mahali popote, kompyuta nzima inazimika: haiwashi taa, haiongei na mashine, haifyatui plagi. Chomoa sensa zinazolishwa na VC moja baada ya nyingine ukiitazama taa. Ikiwaka ghafla, umeokoa bei ya kontroli boksi kwa kuchomoa soketi.

Mgandamizo wa hewa wa Mbeya si wa Dar es Salaam

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi vimeandikwa kwa ajili ya watu wa usawa wa bahari na vinawapotosha mafundi wa nyanda zetu.

Sensa ya mgandamizo, injini ikiwa imezimwa na swichi imefunguliwa, inapima hewa ya nje tu. Dar es Salaam mashine itaonyesha kilopaskali 101 hivi. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, sensa nzima kabisa inaonyesha 82 au 83. Iringa mjini hupanda kidogo, 84 hivi. Mafinga hushuka karibu na 80. Bondeni Ruaha Mbuyuni unapita 90. Kanuni ya kutembea nayo ni kwamba kila unapopanda mita 100 unapoteza kilopaskali 1 na kidogo. Fundi anayeona 83 pale Mwanjelwa na kusema sensa imechoka kwa sababu kitabu kinataka 100, anabadilisha sensa nzima kwa sensa nyingine itakayosoma 83 vilevile.

Ukishajua usomaji sahihi wa mahali ulipo, sensa hiyo inageuka kuwa kipimo cha laini yenyewe. Taarifa ya sensa hizi hufuata umeme zinaopewa. Waya wa VC ukiwa na kutu kwenye pini, na badala ya volti 5 sensa ikapata 4.5, taarifa yake itashuka kwa asilimia 10 hivi. Pale Mbeya utaona 74 badala ya 82. Kompyuta itaamini gari liko juu ya mita 2,500, na itapunguza mafuta ipasavyo. Hakuna namba ya hitilafu itakayotoka, kwa sababu 74 ni usomaji unaowezekana duniani. Gari litakuwa tu halivuti, na mwenye nalo ataambiwa abadilishe plagi, chujio, pampu ya mafuta. Linganisha usomaji wa magari mawili yaliyoegeshwa jirani kwenye gereji moja. Yakitofautiana kwa zaidi ya kilopaskali 2 au 3, kuna moja linalodanganya.

Kupima

Tumia multimita ya kidijitali. Taa ya kupimia yenye balbu ya volti 12 iache kwa ajili ya fyuzi na taa za nje. Inavuta umeme mwingi kuliko laini ya sensa inavyokusudiwa kutoa, na inaweza kuizimisha au kuiumiza kompyuta. Usitoboe waya kwa pini pia. Tundu dogo kwenye ganda la waya halionekani leo, lakini kwa mvua za Tukuyu, ambako kwa mwaka hunyesha zaidi ya milimita 2,000, maji yataingia hapo na baada ya miezi michache shaba inakuwa unga wa kijani. Ingiza pini nyembamba kwa nyuma ya soketi, ikifuata waya mpaka iguse chuma cha ndani, bila kulazimisha. Na soketi za njano ni za mifuko ya hewa, hizo usiziguse.

Soketi ikiwa imechomekwa kwenye sensa na swichi imefunguliwa, weka ncha nyekundu kwenye waya wa VC na nyeusi kwenye terminali ya negativu ya betri. Unataka kuona kati ya volti 4.75 na 5.25, Toyota wenyewe huvumilia kati ya 4.5 na 5.5. Nasisitiza soketi iwe imechomekwa, kwa sababu waya uliobaki na nyuzi mbili za shaba unaweza kuonyesha volti 5 safi ukiwa hauna mzigo, kisha ukaporomoka sensa inapoanza kula.

Sasa hamisha ncha nyeusi, iache betri, iguse waya wa ethi wa sensa hiyohiyo. Usomaji usibadilike. Ukiwa na 5 kwa betri lakini 0 kwa ethi ya sensa, umeme unafika na ethi imekatika. Kipimo hiki kinachukua sekunde chache na sijui kwa nini kinarukwa na watu wengi namna ile. Kamilisha kwa kuwasha injini, ncha moja kwenye ethi ya sensa na nyingine kwenye negativu ya betri: isizidi volti 0.1. Ikizidi, usikae kwenye sensa. Nenda kwenye bolti za ethi zinazofunga nyaya za kompyuta kwenye injini, na kwenye kebo inayotoka betri kwenda bodi. Zifungue, zisugue kwa msasa mpaka chuma king'ae, zifunge.

Kama VC iko chini, sema volti 0 au 1.8, acha multimita ikiwa imeunganishwa na uanze kuchomoa sensa za laini hiyo, moja moja. Kila ukichomoa, tazama namba. Kompyuta nyingine hujikinga kwa kukata umeme na hazirudishi mpaka swichi izimwe, kwa hiyo kama namba haibadiliki, zima swichi, fungua tena, tazama, ndipo uendelee. Sensa ambayo ukiichomoa volti 5 zinarudi ndiyo yenye shoti ndani. Hapo sasa ununue sensa, na ni moja tu.

Anza na ile ambayo haifikiriwi: sensa ya presha ya gesi ya AC. Imekaa mbele, karibu na kondensa, inapigwa mawe, tope na vumbi tangu gari lishuke melini, na kwenye magari mengi, Nissan zikiwemo, inakula laini moja na sensa za injini. Gari lisilowaka kwa sababu ya AC linasikika kama uzushi, lakini ni kweli. Baadhi ya Nissan huongeza kwenye laini hiyo sensa ya presha ya pawa stearingi, ambayo ikivuja mafuta huloanisha soketi yake. Kwenye dizeli za komoni reli, kama Hiace na Prado za D-4D, sensa ya presha iliyo kwenye reli nayo hulishwa volti 5. Ikikosa umeme kompyuta haioni presha na inaweza kukataa kuwasha injini, halafu pampu ya presha, ambayo ni ghali sana, ndiyo inayolaumiwa.

Sensa zote zimechomolewa, na bado hakuna volti 5

Basi ni waya, au kompyuta. Na kati ya hivyo viwili, dau lako liweke kwenye waya. Ondoa terminali ya negativu ya betri, subiri dakika chache, kisha chomoa soketi ya kompyuta. Geuza multimita ipime omu. Kutoka kwenye pini ya VC ya soketi ya kompyuta hadi bodi ya gari, usomaji uwe omu 10,000 au zaidi, au multimita ioneshe kwamba hakuna mguso kabisa. Ukisoma omu 3, waya unagusa chuma mahali fulani. Kutoka mwanzo wa waya mpaka mwisho wake, yaani kompyuta hadi sensa, iwe chini ya omu 1.

Kuutafuta mguso wenyewe ni kazi ya macho na vidole. Fuata fungu la nyaya mahali linapopita juu ya kavaa ya valvu, nyuma ya manifodi ya kuingizia hewa, chini ya trei ya betri, na popote linapopinda kwenye ukingo wa bati. Magari mengi ya huku yameshabadilishiwa injini ya mtumba, na injini inaporudishwa, bano la plastiki lililokuwa linashikilia fungu la nyaya halirudi. Fungu linalegea, linalala kwenye bano la chuma lenye ncha, na kila kona ya Mlima Nyoka linasuguliwa kidogo. Ukilishika utasikia kwa kidole mahali ambapo utepe umelainika na kung'aa. Ukiufungua utaona ganda la waya limekatwa kama kwa wembe, shaba imepata doa jeusi ilipogusana na chuma, na kwenye bano lenyewe kuna kovu dogo jeupe. Mahali pengine utakuta meno ya panya. Gari linalolala jirani na ghala la mahindi, iwe Mbozi au Makambako, likaguliwe panya kabla ya kitu kingine.

Usiwasahau mafundi waliotangulia. Alamu iliyofungwa kwa kukata na kuunga nyaya, redio, swichi ya siri ya kuzuia wizi: popote palipo na selotepu nyeusi isiyo ya kiwandani, fungua uone. Na kuosha injini kwa mashine ya presha huingiza maji kwenye soketi ambazo mpira wake umeshakauka. Kama dereva anakwambia tatizo lilianza siku mbili baada ya kuosha injini, mwamini, na anza na soketi zilizo upande uliooshwa.

Umeme ukizidi volti 5, ukaona 8 au 12, nyaya mbili zimeungana, aghalabu mahali fungu lilipoyeyuka kwa kugusa ekzozi. Zima haraka, usiache swichi wazi ukitafuta. Hitilafu ya namna hii inaweza kuua sensa kweli, hata kompyuta, kwa hiyo baada ya kutenganisha nyaya pima kila sensa upya. Tabia ya kuipa sensa umeme wa betri moja kwa moja "ili ichangamke" ina matokeo hayohayo.

Tatizo linalokuja na kuondoka, kama la lile gari la Kitonga, halionekani gari likiwa limetulia kwenye gereji. Mlimani injini inapata joto, ganda la nyaya linalainika, na nguvu ya kupanda inaifanya injini iegemee upande mmoja kwenye mauntingi zake na kulivuta fungu la nyaya. Itengeneze hali hiyo. Pasha injini mpaka feni iwake. Unganisha multimita kwenye VC, kama ina kitufe cha kuhifadhi kiwango cha chini kabisa kibonyeze. Weka vigingi kwenye matairi, dereva akanyage breki barabara, aweke D, aguse mafuta kwa sekunde mbili tatu, kisha R vivyo hivyo, bila mtu yeyote kusimama mbele au nyuma ya gari. Wewe uwe pembeni ukitazama namba. Kisha, gari likiwa limetolewa gia na injini ikinguruma, tikisa fungu kipande kwa kipande, ukikaa mbali na feni na mikanda. Volti zikidondoka hata kwa kupepesa jicho, umeshapata mahali.

Kompyuta ihukumiwe mwisho kabisa, na baada ya kupima umeme na ethi zake yenyewe. Kompyuta isiyo na ethi nzuri au iliyokosa umeme wa rilei kuu haiwezi kutoa volti 5, na si kosa lake. Ikiwa ina umeme wake wote, ethi zake zote ni safi, waya wa VC umetolewa kabisa kwenye soketi yake, na bado pini ya VC haitoi kitu, hapo ndipo useme ni kontroli boksi.

Ukikarabati waya, kata kipande kilichoharibika kote, unga kipya chenye unene uleule, lehemu kwa risasi, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kama kufungua fungu lote ni kazi kubwa na umeamua kupitisha waya mpya kwa nje, kata ule wa zamani pande zote mbili. Ukiuacha umeungwa, ile shoti bado ipo. Rudisha bano. Kama limepotea, funga fungu kwa kamba za plastiki mbali na chuma na ekzozi, ukiacha ulegevu kidogo upande wa injini ili iweze kuyumba bila kulivuta.

Halafu futa namba za hitilafu na ulipeleke gari mlimani. Kwa walio Mbeya, Mlima Nyoka unatosha. Kwa walio Iringa, shuka Kitonga upande tena ukiwa na mzigo. Mashine ikae imechomekwa njia nzima, msaidizi akisoma usomaji wa throto na wa mgandamizo, dereva akishughulika na barabara peke yake. Ukirudi, muonyeshe mwenye gari kile kipande cha waya kilichokatwa, na umwandikie kwenye karatasi volti ulizopima kabla na baada, ili fundi mwingine atakayelifungua gari hilo Makambako au Tunduma ajue pa kuanzia.